Wasomaji Wauliza: Foleni ya Wimbledon, Pointi Zinazokwisha Muda na Safari ya Kigali

Tangu nikabidhiwe safu hii, barua za tenisi hazijawahi kuzizidi za riadha, lakini mara hii zimezizidi, na nyingi hazitoki kwa wachezaji bali kwa watazamaji: watu wanaofuatilia mashindano mwaka mzima kwenye simu na runinga, na ambao sasa wanataka kukaa karibu na wavu angalau mara moja maishani. Nimechagua barua tano. Yaliyoulizwa na wengi nimeyajibu kwa kirefu, na yaliyohitaji maneno machache nimeyapa machache.

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mombasa. Nimeipenda tenisi tangu mwaka 1975, Arthur Ashe alipomshinda Jimmy Connors kwenye fainali ya Wimbledon. Binti yangu anafanya kazi Reading, Uingereza, na amenialika nikae naye kuanzia mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai, yaani wakati wa Wimbledon. Nimempata mtu mtandaoni anayesema ana tiketi ya Centre Court, uwanja mkuu wa pale, na anataka nimtumie malipo kabla sijasafiri. Binti yangu anasema nisubiri. Nimsikilize nani?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Msikilize binti yako, na mtu huyo usimtumie hata shilingi. Tiketi za kawaida za Wimbledon hazihamishiki: aliyeipata kwa kura ya mtandaoni ndiye anayepaswa kuitumia, na ikigundulika imeuzwa kando inafutwa. Tiketi pekee zinazoruhusiwa kuuzwa tena ni zile za wenye hatifungani za klabu, watu waliowekeza fedha kwa miaka kadhaa ili wapate viti vyao, na bei yake huwa ya kumfanya mstaafu aahirishe safari. Kura ya umma nayo haitakufaa kwa mwaka huu ikiwa hukujiandikisha mapema, na hata anayeshinda hachagui siku wala uwanja, bali hupangiwa.

Inabaki foleni, na hapo ndipo ninapotaka kukaa nawe kidogo. Miongoni mwa mashindano manne makubwa, yaani ya Melbourne, Paris, Wimbledon na New York, Wimbledon ndiyo inayojulikana kwa kumruhusu mtu asiye na tiketi afike asubuhi, apange mstari na kununua tiketi mlangoni kwa bei ya kawaida, siku hiyohiyo. Foleni hiyo hupangwa kwenye nyasi za Wimbledon Park, ng'ambo ya barabara kutoka klabuni. Ukija kwa treni za chini ya ardhi, usishuke kwenye kituo chenye jina la Wimbledon kama jina linavyokushawishi. Shuka Southfields, kisha ufuate watu waliobeba viti vya kukunja. Wasimamizi wa foleni watakuonyesha mwisho wa mstari na kukupa kadi yenye tarehe na namba. Kadi hiyo ni ya mtu mmoja, na huwezi kumshikia nafasi ndugu anayekuja baadaye. Ukienda chooni au kununua chai, unaruhusiwa kutoka kwa muda mfupi na kurudi palepale.

Wanaotaka viti vya viwanja vikubwa hulala hapo katika mahema madogo, kwa sababu kila siku hutengwa tiketi zipatazo 500 kwa kila kimojawapo cha viwanja vitatu vikubwa, isipokuwa siku nne za mwisho ambapo za Centre Court hazipo. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi wasimamizi hupita wakigongagonga mahema, watu huamka, hukunja, hupeleka mizigo kuhifadhiwa, na mstari unasogezwa ubanane. Wewe, Mwalimu, sikushauri ulale nyasini. Ukifika kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi katika wiki ya kwanza, kwa kawaida utapata tiketi ya kuingia viwanjani, ambayo kwa miaka ya karibuni imekuwa kama pauni 30. Mara yangu ya kwanza nilichelewa, nikapewa kadi yenye namba iliyopita 4,000, nikaingia saa saba na nusu mchana. Sikujuta, ila nilikosa seti mbili za mechi niliyoifuata. Beba kadi ya benki, kwa maana hawapokei noti, na uipakue mapema programu yao kwenye simu na kujisajili, kwani tiketi huingia humo.

Sasa utauliza tiketi hiyo isiyo na kiti cha Centre Court ina faida gani. Fanya hesabu ya droo. Mashindano ya wanaume yana wachezaji 128 na ya wanawake vivyo hivyo, na raundi ya kwanza yote huchezwa Jumatatu na Jumanne. Maana yake ni mechi 128 kwa siku mbili, na viwanja vikubwa havimezi ila chache. Zilizobaki zote zinachezwa kwenye viwanja vya pembeni, ambako mwenye tiketi ya viwanjani hukaa kwenye benchi lolote lililo wazi. Katika viwanja vidogo zaidi, kati yako na mchezaji kuna kizuizi kifupi na mwamuzi wa pembeni, au tuseme palikuwa na mwamuzi wa pembeni, kwani tangu 2025 Wimbledon inatumia mitambo kuita mipira iliyotoka. Unasikia viatu vinavyoteleza nyasini, unamsikia mchezaji akijisemea kwa lugha ya kwao, na unaona jambo ambalo runinga haiwezi kukuonyesha, nalo ni kasi. Kamera ya juu huupunguza uzito wa mpira. Ukikaa usawa wa wavu ndipo unapoelewa kwa nini mtu anayeshika nafasi ya 90 duniani ni mtu wa ajabu.

Nenda uwanja namba 18 hata kama hakuna jina unalolijua. Hapo ndipo John Isner na Nicolas Mahut walipocheza mwaka 2010 kwa saa 11 na dakika 5, zilizogawanyika katika siku tatu, hadi seti ya tano ikamalizika kwa gemu 70 kwa 68. Ubao wa matokeo wenyewe ulikwama kwenye 47 kwa 47 kwa kuwa haukuwa umetengenezwa kuhesabu zaidi. Kuna kibao ukutani kinachokumbuka mechi hiyo. Haitatokea tena, kwa sababu tangu 2022 mashindano yote makubwa manne huamua seti ya mwisho iliyofungana kwa taibreki, yaani gemu maalumu ya kuamua mshindi, ya pointi kumi.

Jambo la mwisho kwako ni hili. Alasiri, watu wenye viti vya viwanja vikubwa huanza kuondoka, na tiketi zao huuzwa tena ndani ya viwanja kwa bei ndogo, fedha zikienda kwa hisani. Julai jua la London halizami mpaka baada ya saa tatu usiku, na Centre Court ina paa na taa tangu 2009, hivyo mtu aliyeingia kwa pauni 30 anaweza akamaliza siku yake ndani ya Centre Court kwa saa tatu nzima. Chakula unaruhusiwa kuja nacho. Mwambie binti yako akufungie mkate na mayai, halafu fedha uliyookoa ununue bakuli la stroberi na krimu, ambalo kwa miaka mingi liliuzwa pauni 2.50 kabla ya kupandishwa hadi 2.70 mwaka 2025. Ni kitu kimoja tu pale ambacho bei yake haimshtui mtu.

SWALI: Naandika kutoka Dar es Salaam. Nilimshangilia Markéta Vondroušová aliposhinda Wimbledon 2023, na mwaka uliofuata nikaona ameporomoka kwenye orodha ya viwango kana kwamba ameadhibiwa, ilhali alikuwa amepoteza mechi moja tu. Rafiki yangu anasema tenisi haina haki. Tafadhali tueleze jinsi pointi zinavyohesabiwa.

JIBU: Orodha ya viwango si tuzo ya mambo uliyowahi kuyafanya, ni daftari la wiki 52 zilizopita, na kila wiki mpya inapoingia, wiki ya zamani hutoka. Bingwa wa shindano kubwa hupata pointi 2,000. Mwaka mmoja baadaye pointi hizo hufutika, na badala yake huwekwa zile alizozipata katika shindano lilelile mara hii. Ndiyo maana utawasikia watangazaji wakisema kwamba mchezaji fulani "anatetea pointi". Vondroušová alipofungwa na Jessica Bouzas Maneiro katika raundi ya kwanza mwaka 2024, alipata pointi 10 mahali palipokuwa na 2,000. Hakupoteza mechi moja tu. Alipoteza mechi moja mahali ambapo mwaka uliotangulia alishinda saba. Na hapo usisahau kwamba ubingwa wake wenyewe ulitoka pasipotarajiwa: alikuwa mwanamke wa kwanza katika enzi hii ya tenisi ya wazi, ya wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa pamoja, iliyoanza 1968, kushinda Wimbledon bila kuwamo kati ya wachezaji 32 wanaotenganishwa kwenye droo kwa ubora wao.

Mashindano mengine yamepewa majina kulingana na pointi za bingwa: 1000, 500 na 250. Ukiona shindano la 500, basi anayelishinda anaweka pointi 500 kwenye daftari. Chini yake kuna ngazi ya Challenger kwa wanaume, ambayo nayo huitwa kwa namba, 50, 75, 100 na kuendelea, kwa hesabu ileile. Mtu akishakariri jambo hilo moja, nusu ya habari za tenisi zinasomeka bila mkalimani.

Kuhusu haki, rafiki yako angekuwa na hoja nzito zaidi kama angeutaja mwaka 2022. Wimbledon iliwazuia wachezaji wa Urusi na Belarus, na vyombo vinavyosimamia tenisi ya kulipwa vikajibu kwa kutotoa pointi zozote kwa shindano hilo. Novak Djokovic na Elena Rybakina walibeba vikombe na fedha, na kwenye orodha ya viwango ikawa kana kwamba wiki zile mbili hazikuchezwa. Kwa Rybakina, ambaye lilikuwa taji lake kubwa la kwanza, mimi naona alidhulumiwa. Kanuni ya wiki 52, kwa upande mwingine, naiona ni ya haki hata inapouma, kwa sababu bila hiyo majina makubwa yangekaa juu kwa sifa za zamani, na kijana mwenye miaka 18 asingepata mlango.

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni Mzanzibari ninayeishi Maskati. Kila mwaka Februari nasema nitakwenda Dubai kutazama tenisi na kila mwaka naahirisha. Safari hii nimeazimia. Nimeweka akiba ya kununua tiketi ya fainali ya wanaume. Je, huo ni uamuzi mzuri, au kuna siku bora zaidi?

JIBU: Waaleikum salaam. Hongera kwa kuazimia, na niwie radhi kwa kukuharibia mpango. Tiketi ya fainali ndiyo ghali kuliko zote na ndiyo yenye tenisi kidogo kuliko zote: mechi moja ya mchezaji mmoja mmoja na moja ya wawili wawili. Shindano la wanaume la Dubai lina wachezaji 32, kwa hiyo jumla ni mechi 31, na 16 kati ya hizo, zaidi ya nusu, ni za raundi ya kwanza. Ukifika Jumatatu au Jumanne utatazama tangu mchana hadi usiku kwa bei ambayo Jumamosi isingekununulia kiti cha nyuma kabisa.

Kuna hatari nyingine ambayo mimi mwenyewe niliilipia. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye shindano la Ghuba ambalo sitalitaja, nilinunua mapema tiketi ya nusu fainali kwa ajili ya mchezaji mmoja tu. Akaumia mgongo siku mbili kabla, akajitoa, nami nikaketi peke yangu na kofia yenye herufi za jina lake nikitazama watu wawili ambao sikuwahi kuwasikia. Walicheza vizuri sana, nakiri, lakini saa ya kwanza nzima nilikuwa nimenuna. Na hata asiyeumia anaweza kufungwa. Mwaka 2022 Djokovic alifika Dubai akiwa namba moja duniani, akatolewa robo fainali na Jiří Veselý, Mcheki aliyepitia mechi za kufuzu, na kwa kipigo hicho Daniil Medvedev akawa namba moja. Mfikirie aliyekuwa na tiketi ya Jumamosi mfukoni.

Uzuri wa Dubai ni udogo wake. Uwanja wenyewe, pale Garhoud, unabeba watu wapatao 5,000, theluthi moja ya wanaokaa Centre Court, na hakuna kiti kilicho mbali. Roger Federer alishinda hapo mara nane, na taji lake la 100 alilipatia hapo mwaka 2019 kwa kumfunga Stefanos Tsitsipas. Wanawake hucheza wiki inayotangulia ya wanaume, na shindano lao ni kubwa zaidi kwa daraja, kwani ni la 1000 ilhali la wanaume ni la 500. Ukiweza kuchukua likizo fupi mwishoni mwa wiki moja na mwanzoni mwa nyingine, utaona fainali ya wanawake na raundi ya kwanza ya wanaume kwa safari moja ya gari. Doha nayo huandaa mashindano ya wanaume na ya wanawake mwezi huohuo, lakini kwa mtu wa Maskati Dubai ndiyo jirani.

Jambo moja la kuangalia kwenye kalenda: kwa miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi. Kikao cha usiku kitakufaa zaidi kuliko kukaa juani na kiu, ila hakikisha unajua utafuturu wapi, maana foleni za chakula uwanjani huwa ndefu wakati uleule ambao kila mtu ana njaa.

SWALI: Mimi ni dereva wa malori, makazi yangu ni Bukoba. Ulaya sitafika, na Dubai vilevile. Nimesikia Kigali kuna tenisi ya kulipwa. Je, ni tenisi ya kweli au ni ya kujifurahisha? Sitaki kupoteza siku mbili za kazi kutazama watu ambao hawatafika popote.

JIBU: Ni ya kweli, ndugu yangu, na njia ya Rusumo unaijua kuliko mimi. Tangu 2024 Kigali imekuwa ikiandaa mashindano ya ngazi ya Challenger kwa wanaume, wiki mbili zinazofuatana kati ya Februari na Machi, kwenye viwanja vya udongo. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hahitaji viza, bali hati ya kusafiria. Utakaowaona wengi ni wachezaji walio nje ya mia bora, wengine wakipanda, wengine wakishuka, wote wakitafuta pointi za kuwaingiza kwenye mashindano makubwa bila kupitia mechi za kufuzu. Wengi wao husafiri bila kocha na hufunga raketi zao wenyewe kwenye mkoba. Usitarajie taa na muziki. Tarajia kusikia kila neno linalosemwa uwanjani.

Ama kuhusu watu ambao hawatafika popote, naomba unisikilize kidogo. Februari 2019, kijana wa Kiitalia mwenye miaka 17, akiwa nje ya nafasi ya 500 duniani, alishinda Challenger ya Bergamo, Italia. Jina lake Jannik Sinner. Juni 2024 akawa namba moja. Waliokuwa Bergamo wiki ile walimwona kwa karibu na kwa bei ya chai.

Mfano wa pili unatugusa zaidi. Julai 2022, kwenye viwanja vya pembeni vya Wimbledon, ilichezwa fainali ya wasichana wawili wawili. Upande mmoja alikuwa Angella Okutoyi wa Kenya na mwenzake Mholanzi, Rose Marie Nijkamp. Upande wa pili Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Okutoyi na Nijkamp walipoteza seti ya kwanza, wakasawazisha, wakashinda taibreki ya mwisho 11 kwa 9, na Okutoyi akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana katika shindano kubwa. Sisi tulishangilia Okutoyi, na ilikuwa haki yetu. Lakini yule Mboko aliyefungwa, binti wa wazazi waliotoka Kongo, Agosti 2025 aliingia shindano la Montreal kwa kadi ya mwaliko, akawafunga Coco Gauff na Rybakina, kisha Naomi Osaka kwenye fainali, akabeba taji la daraja la 1000 akiwa na miaka 18. Aliyekuwa kwenye benchi la uwanja wa pembeni siku ile ya 2022 alikuwa amewaona wote wawili kwa tiketi ya viwanjani.

Nenda Kigali katikati ya wiki, robo fainali ikiwezekana, na ukae nyuma ya mchezaji, si ubavuni. Kwenye udongo ni huko nyuma unakoona jinsi mpira unavyoruka juu baada ya kudunda na jinsi mchezaji anavyolazimika kurudi hatua mbili ili aupige. Kumbuka pia kutazama chini: mpira huacha alama, na pakitokea ubishi pale ambapo hakuna mitambo, mwamuzi hushuka kitini, huenda kuinamia alama yenyewe na kunyoosha kidole. Mabishano ya namna hiyo yanapungua mwaka hadi mwaka, na mimi ni miongoni mwa watakaoyakumbuka.

SWALI: Tuko Arusha, kundi la vijana wanane, tunatazama kwa pamoja na kuchangia bando. Tatizo letu ni saa. Mara tunaamka mechi imekwisha, mara tunakesha haijaanza. Tena mmoja wetu anauliza kwa nini watazamaji wananyamazishwa kama wako msibani.

JIBU: Nitaanza na la msibani. Mchezaji anayepokea huusikia mpira unavyogusa nyuzi za raketi ya mwenzake, na sauti hiyo humsaidia kujua umepigwa kwa nguvu kiasi gani na umezungushwa au la, kabla macho hayajamaliza kazi. Kelele za ghafla humnyima taarifa hiyo. Ndiyo maana watu huketi na kuinuka wachezaji wanapobadilishana upande tu, yaani baada ya gemu ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea. New York wamelegeza kanuni hiyo tangu 2024 na watu hutembea zaidi, nami sijaipenda. Baada ya pointi kumalizika, pigeni kelele mtakavyo. Kinachochukuliwa kuwa utovu wa adabu ni kushangilia pale mchezaji anapokosea kuanzisha mpira mara mbili mfululizo.

Na mkiwa mnatazama kwa utulivu huo, angalieni mchezaji anapoinua mpira na kumwonyesha mpinzani kabla ya kuuanzisha. Si majivuno. Anamjulisha kwamba mipira imebadilishwa, na mpya huenda kasi zaidi. Hubadilishwa baada ya gemu saba za kwanza, kisha kila baada ya gemu tisa. Saba kwa sababu mipira ya mwanzo ilishatumika wakati wa kupasha misuli joto.

Kuhusu saa, andikeni kwenye karatasi mbandike ukutani. Melbourne, mwezi Januari, mechi za mchana huanza saa tisa usiku kwa saa zetu, na kikao chao cha usiku huanza saa tano asubuhi yetu, kwa hiyo atakayekosa usingizi Januari amejitakia. Paris huanza saa sita mchana, na mechi yao ya usiku huanza saa tatu na robo usiku. Wimbledon viwanja vya pembeni huanza saa saba mchana na Centre Court saa tisa na nusu alasiri. New York ndiyo mtihani: mchana wao ni saa kumi na mbili jioni yetu, na kikao cha usiku ni saa nane usiku. Ratiba ya siku hutolewa jioni iliyotangulia, na ni mechi ya kwanza tu kwenye kila uwanja yenye saa ya uhakika. Zinazofuata husubiri iliyotangulia imalizike, hata ikichukua saa tano, isipokuwa pale ratiba inapoandika kwamba mechi haitaanza kabla ya saa fulani. Kesheni kwa ajili ya hizo zenye saa, na nyingine mziache zije zenyewe.

Mara moja moja saa hutupendelea sisi. Januari 2023 Andy Murray alimfunga Thanasi Kokkinakis huko Melbourne baada ya kuwa nyuma kwa seti mbili, mechi ya saa 5 na dakika 45, ikamalizika saa kumi na dakika tano alfajiri ya kwao huku mashabiki wakiwa wamejifunika mataulo kwenye viti. Arusha ilikuwa saa mbili na dakika tano usiku, na mtu aliyeitazama yote aliweza kuinuka akapakua chakula kikiwa bado cha moto.